Ndugu wa Ukoo na Ndugu wa Kitabu: Mwanzo wa Sharika za Kiprotestanti Katika Vijiji vya Bukoba na Muleba

Utangulizi

Mwanafunzi akiulizwa Ukristo ulifikaje katika nchi yetu, aghalabu hujibu kwa kutaja majina ya wamisionari na miaka waliyofika. Jibu hilo si la uongo. Wamisionari walifika, walijenga, na zaidi ya yote waliandika. Na katika elimu ya historia, aliyeandika ndiye anayeendelea kusikika baada ya kaburi lake kuota majani. Hata hivyo jibu hilo lina upungufu, kwa maana lamfanya mwananchi kuwa mpokeaji tu, mtu aliyeketi barazani kwake akingoja kuletewa.

Insha hii yakusudia kulitazama jambo hilo kwa mfano mmoja, nao ni wa sharika za Kiprotestanti za vijijini katika nchi ya Wahaya, ambazo leo ni sehemu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mfano huu wafaa kwa sababu mbili. Kwanza, mwanzoni mwa sharika hizo hapakuwa na mmisionari. Pili, zilizaliwa katikati ya watu waliokuwa na maana yao nzito ya neno "ndugu", nazo zikaleta maana nyingine ya neno hilo hilo. Jinsi maana hizo mbili zilivyogombana na kupatana ndiyo hasa habari tunayotaka kuieleza.

Nchi na watu wake

Wilaya za Bukoba na Muleba zimelala upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Ni nchi ya vilima virefu na mabonde, ya mbuga za majani ziitwazo rweya, na ya vijiji vilivyofunikwa na migomba. Kabla ya ukoloni nchi hiyo haikuwa chini ya mtawala mmoja. Zilikuwapo falme kadhaa, miongoni mwao Kiziba, Bugabo, Kyamtwara, Kihanja na Ihangiro, kila mmoja ukiwa na Mukama wake. Muleba ya leo imebeba sehemu kubwa ya Ihangiro ya kale, pamoja na nyanda za juu za Kamachumu.

Mhaya aliishi katika kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni lenye nyumba katikati. Nyumba hiyo ilikuwa ya msonge, iliyoezekwa kwa majani kutoka kileleni hadi chini. Kibanja kilirithiwa ndani ya ukoo, na ukoo ulikuwa na sauti juu yake. Humo ndimo walimozikwa wazee, na humo ndimo walimokumbukwa. Kila ukoo ulikuwa na mwiko wake. Juu ya koo walikuwako mizimu wakubwa walioheshimiwa na nchi nzima, kama vile Wamara, bwana wa waliokufa, na Mugasha, bwana wa ziwa na maji.

Kwa hiyo imani, ardhi na udugu vilikuwa nyuzi tatu za kamba moja. Kijana aliyekataa kushiriki ibada za wazee wake hakuwa anabadili mawazo yake ya moyoni tu. Alikuwa anagusa makaburi, akigusa makaburi amegusa shamba, na akigusa shamba amegusa ukoo wote.

Yafaa hata hivyo ikumbukwe kwamba Wahaya walijua pia udugu usiotoka tumboni mwa mama. Ulikuwako udugu wa kuchanjiana damu, ulioitwa omukago. Watu wawili walioaminiana walichanja ngozi zao, wakapaka damu juu ya buni za kahawa, na kila mmoja akameza ya mwenzake. Tangu hapo walikuwa ndugu: nyumba ya mmoja ikawa nyumba ya mwingine, shida ya mmoja ikawa deni la mwingine, na kulivunja agano hilo kulikuwa ni kujiitia laana. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani tutalirudia.

Kitabu chavuka mto

Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na Mapadri Weupe wa Kikatoliki wakafika mwaka 1879. Huko Buganda dini mpya ilishikamana na kusoma kiasi kwamba waamini wenyewe waliitwa wasomaji. Kuomba kufundishwa dini kulikuwa ni kuomba kufundishwa herufi. Kazi hiyo ilisonga mbele upesi, hata ilipofika mwaka 1896 Biblia nzima ilikuwa imekwisha kutolewa kwa lugha ya Kiganda.

Katikati ya mambo hayo mabeberu waligawana nchi. Kwa mapatano ya mwaka 1890 baina ya Wajerumani na Waingereza, mstari ulichorwa magharibi ya ziwa kwenye nyuzi 1 kusini ya ikweta. Buganda ikawa upande wa Waingereza, Buhaya ikawa upande wa Wajerumani, na mwaka huo huo Emin Pasha akaweka kituo cha Wajerumani Bukoba. Mapema mwaka 1892 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipamba moto Buganda baina ya chama cha Waprotestanti na chama cha Wakatoliki. Wakatoliki walishindwa, na wengi wao wakakimbilia kusini pamoja na askofu wao, Jean-Joseph Hirth. Hivyo ndivyo misheni ya Kikatoliki ya Kashozi, karibu na Bukoba, ilivyoanzishwa mwaka huo.

Wakatoliki wa Buhaya basi walikuwa na mapadri tangu mapema. Waprotestanti hawakuwa nao. Kanisa lao lilikuwa ng'ambo ya mpaka, chini ya bendera nyingine. Kama historia ya dini ingekuwa kweli ni historia ya wamisionari peke yao, Waprotestanti wasingekuwako kabisa katika Buhaya ya miaka hiyo. Lakini walikuwako.

Mstari uliochorwa juu ya karatasi haukuwazuia watu kutembea. Wahaya walikwenda Buganda tangu zamani kwa biashara, kwa kazi na kwa kutembelea jamaa. Wengine walipita kwa miguu, wakavuka mto Kagera. Wengine walipanda mitumbwi. Reli ya Uganda ilipofika ziwani Kisumu mwaka 1901, na meli zikaongezeka ziwani, safari hizo zilizidi. Miongoni mwa waliokwenda walikuwamo vijana waliorudi na mzigo usio na uzito begani: walikuwa wamejua kusoma. Walirudi na vitabu vya Kiganda, lugha iliyo jirani na Kihaya, ambayo Mhaya aweza kuifuata akitia bidii.

Hao ndio waliokuwa chanzo. Aliyejua herufi alimfundisha asiyejua. Aliyefundishwa alimleta mdogo wake au rafiki yake. Walikutana nyumbani kwa mtu, wakasoma, wakaomba, wakaimba, wakaagana. Miongoni mwa wasomaji hao wa kwanza, anayekumbukwa kuliko wote ni Andrea Kajerero, aliyekuja kuwa nguzo ya Waprotestanti wa Buhaya kwa miaka mingi.

Tutazame vizuri hali yao. Hawakuwa na mchungaji, hawakuwa na jengo, hawakuwa na mshahara wala mlinzi. Mukama wa nchi hangeweza kuufurahia mkutano wa raia zake usiotoka kwake. Mjerumani hakuwa na sababu ya kuipenda dini iliyotoka upande wa Waingereza. Jirani Mkatoliki aliukumbuka ugomvi wa Buganda. Walichokuwa nacho ni kitabu, na kila mmoja alikuwa na mwenzake. Lakini tukichunguza maana ya usharika, tutaona kwamba hicho ndicho kiini chake. Jengo huja baadaye.

Mwaka 1910

Chama cha misheni cha Bethel kilikuwa cha Kijerumani. Kilianzishwa Berlin mwaka 1886, na baadaye makao yake yakahamishiwa Bethel, karibu na mji wa Bielefeld. Mmoja wa watu wake mashuhuri alikuwa Ernst Johanssen. Alianza kazi Usambara mwaka 1891, akaenda Rwanda mwaka 1907, na mwaka 1910 kazi ya Bethel ikafunguliwa Bukoba. Mwaka huo ndio unaohesabiwa na kanisa kuwa mwaka wake wa kuzaliwa, na mwaka 2010 Dayosisi ya Kaskazini Magharibi iliadhimisha miaka mia moja.

Hatuna sababu ya kuipunguza kazi ya Bethel. Wageni hao walileta shule zenye utaratibu, matibabu, ubatizo na ushirika na makanisa ya mbali. Ndolage, juu ya nyanda za Kamachumu, palikuja kuwa mahali pa misheni na hospitali inayojulikana mpaka leo. Lakini hapana budi kusema wazi kwamba Bethel haikulima pori. Ilikuta shamba limekwisha kulimwa, na waliolima wamesimama na majembe yao mkononi.

Jambo hilo lilikuwa na matokeo makubwa katika namna sharika zilivyoenea. Vituo vya misheni vilikuwa vichache, na vijiji vilikuwa vingi. Mzungu alipita kijijini kwa ziara. Aliyekaa huko alikuwa mwalimu Mhaya. Yeye ndiye aliyewakusanya watoto kwa masomo, akaongoza sala, akawatembelea wagonjwa, akasimama kaburini, akapatanisha mume na mke. Nyumba ya sala ilijengwa na wanakijiji wenyewe kwa miti na majani, mithili ya nyumba zao, na ngoma ikawa kengele yake. Mwalimu huyo alilima kibanja chake kama jirani zake, na jirani zake walimpima kwa mwenendo wake kuliko kwa maneno yake.

Gharama ya kuwa ndugu

Sasa tufikie jambo lililokuwa zito kuliko mpaka na kuliko bendera. Wasomaji waliitana ndugu. Kwa masikio ya leo neno hilo ni jepesi. Twalitumia katika barua na katika mikutano. Kwa masikio ya Mhaya wa wakati ule halikuwa jepesi hata kidogo. Ndugu ni yule mnayeshiriki mwiko mmoja, mnayerithiana, mtakayezikana. Kumwita mtu wa ukoo mwingine ndugu ni kudai jambo, na ukoo wako una haki ya kuuliza: umempa nini kilicho chetu?

Maswali yalizuka katika kila jambo la maisha. Je, msomaji ashiriki kumtambikia baba yake? Akikataa, wazee watasema nini juu ya shamba? Je, anywe rubisi, pombe ya ndizi, katika kikao cha ukoo? Pombe hiyo haikuwa ulevi tu. Ilikuwa ndiyo wino uliotia sahihi posa na mapatano. Mwanamume mwenye wake wawili akitaka kubatizwa, yule anayeachwa ataishi wapi, na watoto wake wataitwa wa nani? Swali hilo la mwisho liliwaumiza hasa wanawake, na si haki kuisimulia historia hii kana kwamba kila chozi lilikuwa la furaha. Zilikuwako nyumba zilizovunjika.

Lakini upande wa pili pia tuuseme. Udugu mpya ulimpa mahali mtu ambaye ukoo haukumpa nafasi kubwa: kijana asiye na sauti mbele ya wazee, mjane, mgeni aliyehamia kutoka ufalme mwingine. Uliwaketisha pamoja watu wa Kiziba na wa Ihangiro, ambao babu zao walitii ngoma mbalimbali. Tena haukuwa mgeni kabisa kama ulivyoonekana. Hapa ndipo tunapourudia omukago. Watu ambao tangu kale walijua kwamba agano laweza kuwafanya wasiozaliwa pamoja kuwa ndugu, hawakuona ajabu kuambiwa kwamba agano jingine, lenye chakula chake na damu yake, limewafanya kuwa jamaa moja. Mlango huo ulikuwa wazi ndani ya utamaduni wao wenyewe.

Waswahili husema, ndugu ni kufaana, si kufanana. Methali hiyo yaeleza vizuri kilichokuwa kikijaribiwa katika vijiji hivyo: kama watu wasiofanana kwa ukoo wangeweza kufaana kwa kweli wakati wa njaa, ugonjwa na msiba. Jaribio lenyewe halikuchelewa.

Miaka ya upweke

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Bukoba ilikuwa mpakani. Mwezi Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa, yakaushambulia mji na kuubomoa mtambo wa simu za upepo. Mwaka 1916 utawala wa Wajerumani uliondolewa katika sehemu hizo, na wamisionari wa Bethel hawakuweza kuendelea na kazi. Sharika changa, zilizokuwa na miaka sita tu tangu Johanssen afike, zikabaki bila mzungu.

Kama zingekuwa mali ya misheni, zingekufa. Hazikufa. Kajerero na walimu wenzake walishika usukani. Walifundisha, walifungua nyumba za sala kila Jumapili, wakafufua mafungamano yao ya zamani na Waanglikana wa Uganda. Walikuwa wamerudi katika hali waliyoizoea kabla ya mwaka 1910, isipokuwa sasa walikuwa wengi zaidi.

Katika miaka ya 1920 Wamethodisti kutoka Afrika Kusini walikuja kuchukua mahali pa Wajerumani, kisha wakaondoka, na Bethel ikarudi. Mwalimu anayesomesha habari hii asiipite upesi, maana ina fundisho. Katika muda usiozidi maisha ya mtu mmoja, Waprotestanti wa Buhaya walilelewa kwa vitabu vya Kianglikana, wakaongozwa na Wajerumani wa Bethel, wakakabidhiwa kwa Wamethodisti, kisha wakarudishwa kwa Wajerumani. Taratibu za ibada zilibadilika, majina yakabadilika, na watu wakagawanyika kwa sababu hiyo, kila kundi likiona uchungu kuacha lile lililowazaa. Waliobaki bila kubadilika ni wale waliokaa kijijini. Mzee aliyejifunza kusoma kwa Kiganda mwanzoni mwa karne aliweza kuwa hai Agano Jipya la Kihaya lilipotolewa mwaka 1930, na hatimaye akasikia kwa lugha ya mama yake maneno aliyoyashika kwa lugha ya jirani.

Vita ya Pili ilipozuka mwaka 1939 mambo yalijirudia. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na serikali ya Kiingereza. Wasweden walikuja kusaidia, mmoja wao akiwa Bengt Sundkler, aliyefika Bukoba mwaka 1942 na baadaye akaandika historia ya kanisa hilo. Kwa mara ya pili sharika za vijijini zilibaki mikononi mwa walimu, wachungaji wachache wa Kihaya, wazee na akina mama.

Uamsho

Wakati huo huo lilivuma jambo jipya. Katika miaka ya 1930 uamsho wa kiroho ulianza Gahini, Rwanda, na Uganda, miongoni mwa Waanglikana. Mwishoni mwa miaka hiyo ukaingia Buhaya. Wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Wao wenyewe waliitana ndugu.

Neno lile la kwanza lilirudi kwa nguvu mpya. Ndugu hao walikutana katika vikundi, wakaungama makosa yao mbele ya wenzao, wakarudisha walichoiba, wakalipa madeni. Mwanamke alisimama akasema mbele ya wanaume. Mkulima asiye na cheo aliweza kumwonya mchungaji. Kwa waliozoea kanisa lenye ngazi, jambo hilo lilikuwa ni fujo. Kwa walioliamini, lilikuwa ni kurudi nyumbani, penye kitabu, sala, na watu wanaojuana. Wengine walikwenda mbali, wakawahukumu wenzao kwa ukali na kukataa kila kilichonukia mila, na baadhi wakajitenga na sharika kabisa. Lakini walio wengi walibaki ndani, na kutoka kwao wakapatikana viongozi wa kizazi kilichofuata.

Mmoja wao ni Josiah Kibira, aliyeguswa na uamsho huo akiwa kijana. Sundkler alikuwa askofu wa kwanza wa kanisa hilo tangu mwaka 1961. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT. Na mwaka 1964 Kibira akamrithi Sundkler, akiwa askofu wa kwanza Mwafrika wa dayosisi hiyo. Mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho. Kibira hakuusahau ukoo wake. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1974 alichunguza uhusiano wa kanisa na ukoo wa Kihaya, akiuona udugu wa jadi kuwa njia ya kuelewa udugu wa kanisa wala si adui wake tu.

Hali kadhalika upande wa Wakatoliki. Laurean Rugambwa, mwana wa sehemu hizo hizo za Muleba, alisoma seminari ya Rubya, na mwaka 1960 akateuliwa kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama zetu. Kwamba nchi ndogo ya migomba iliwatoa wote wawili katika kizazi kimoja si jambo la bahati. Penye wasomaji wengi hapakosi viongozi.

Hitimisho

Tumeona basi kwamba sharika za Kiprotestanti za Bukoba na Muleba hazikuletwa zikiwa zimekamilika ndani ya sanduku la mgeni. Zilianzishwa na Wahaya waliofuata elimu ng'ambo ya mto, zikasaidiwa na wageni, zikaachwa na wageni mara mbili kwa sababu ya vita visivyokuwa vyao, na mara zote mbili zikasimama. Kilichozisimamisha ni udugu, nao haukupatikana bure. Uliudai ukoo gharama, na ukoo nao ukaufundisha udugu huo namna ya kudumu.

Fundisho hili si la Wakristo peke yao. Chuo cha Kurani pwani, chama cha wakulima wa kahawa, tawi la chama cha siasa kijijini, vyote vilianzia mahali fulani, nyumbani kwa mtu fulani, kabla ya kupata muhuri na daftari. Mwalimu wa historia afanye vema kuwatuma wanafunzi wake kwa wazee wa kijiji na swali moja rahisi: nani alifundisha kusoma hapa kabla shule haijajengwa? Majibu yaandikwe, pamoja na jina la mtu, kibanja chake na watu aliowafundisha. Majina ya wamisionari yamehifadhiwa Ulaya katika makabati yenye kufuli. Majina ya walimu wale wa vijijini yamehifadhiwa katika vichwa vya wazee, na wazee hawakai milele.